PADRE HORNER NA SOKO LA WATUMWA UNGUJA

Aingiaye kwa chombo katika bandari ya Unguja huona toka mbali minara miwili ikisimama juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Wenyeji, Waislamu kwa Wakristu, wameizoea hata huliita kanisa lenyewe Minara Miwili, ijapokuwa jina lake hasa ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Lilijengwa katika miaka ya 1890. Basi mtu tunayetaka kuwaeleza wasomaji wetu habari zake juma hili hakuliona kamwe, maana alikwisha kufa mwaka 1880. Huyo ni Padre Antoine Horner, wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Alizaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Alsace, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani. Alipotumwa ng'ambo hakupelekwa kwanza Afrika, bali kisiwa cha Réunion, na huko kazi yake mojawapo ilikuwa kuwahudumia wenye ukoma. Twaona ni vema kulikumbuka jambo hili. Padre aliyekwisha kaa na watu ambao jamaa zao wenyewe waliogopa kuwagusa, hakuwa na budi kujifunza mapema kutojiangalia nafsi yake.

Alifika Unguja mwezi Juni 1863, pamoja na Padre Étienne Baur na Mabruda. Wala hakuja kuanzisha jambo jipya. Padre Armand Fava wa Réunion alikuwa amekwisha tangulia mwezi Desemba 1860, akasoma Misa ya Noeli mwaka ule ule, akafungua hospitali na karakana. Fava aliondoka, na baadaye akawa Askofu wa Grenoble huko Ufaransa. Horner alipokea kazi iliyoanzishwa na mwingine, akaiendeleza, na uaskofu hakupewa mpaka mwisho wa maisha yake.

Hatuwezi kupita bila kuwataja Masista waliofika pamoja na Fava, nao ni Mabinti wa Maria. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya watumwa wa kisiwa kile kupewa uhuru. Tangu mwanzo lilipokea katika nyumba moja mabinti wa watu huru na wanawake waliokuwa watumwa jana yake. Katika siku zile, kuketi meza moja namna hiyo kulikuwa aibu kubwa machoni pa watu wenye cheo. Masista hao ndio waliowafunga vidonda wagonjwa wa Unguja, na wasichana waliokombolewa walikabidhiwa mikononi mwao.

Mji ulikuwa wa Sultani Majid bin Said, nao ulikuwa mji wa Kiislamu. Horner alilijua hilo, akaliheshimu. Milango ya hospitali ilikuwa wazi kwa kila mgonjwa. Mafundi wa misioni walitengeneza vyuma na mbao kwa yeyote aliyehitaji, lakini Waislamu hawakuhubiriwa. Kwa kuwa Sultani aliona ya kuwa wageni hawa hawakuja kuwavuruga watu wake, aliwaachia nafasi ya kufanya kazi, nao wakakaa naye kwa amani.

Je, amani hiyo haikuwa na gharama? Ilikuwa nayo, na iliwauma. Mwendo mfupi wa miguu toka misioni, huko Mkunazini, palikuwa na soko la watumwa. Watu walioletwa kwa majahazi toka bara walipakwa mafuta miili ing'ae, wakapangwa mistari, wakakaguliwa meno na viungo kama mifugo. Ushuru wa biashara hiyo uliingia katika hazina ya Sultani yule yule aliyewapa ruhusa ya kukaa. Horner hakuwa na jeshi wala hakimu. Alichokuwa nacho ni fedha kidogo zilizotumwa na waamini wa Ulaya, akazitumia kuwanunua watoto, na hata wagonjwa ambao bei yao ilikuwa ndogo kwa sababu hakuna aliyewataka. Baadhi yao walifikishwa misioni wafe tu kitandani badala ya kufa njiani.

Hapa hatutaki kuficha neno. Tangu siku zile wapo waliosema ya kuwa kumkomboa mtumwa kwa fedha ni kumtajirisha mwuzaji, naye atakwenda kuleta mwingine. Hoja hiyo ina nguvu, na kwa maoni yetu hakuna aliyeijibu sawasawa. Lakini mtoto aliyesimama sokoni jioni ile hakuweza kungoja mpaka wakubwa wamalize kubishana, na Horner alichagua mtoto.

Watoto walipozidi kuwa wengi, nyumba za mjini hazikuwatosha. Mwezi Machi 1868 misioni ilianzishwa Bagamoyo, ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, mahali penye ardhi ya kulima. Vijana walipokua waliozeshwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji chao. Maisha yale hayakuwa laini. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka kazini, kengele ikawarudisha sala. Wako waliochoka wakatoroka, nasi hatuwezi kuwalaumu. Mtu aliyekombolewa utumwani hupenda kupanga siku yake mwenyewe. Mapadre wale, pamoja na upendo wao wote, waliona uhuru kuwa kitu cha kufundishwa polepole, na hapo twadhani waliwapunja watu wao.

Kisha yakaja mapigo. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu Unguja, na pwani ya bara nayo haikusalimika. Hakijasahauliwa bado, mwezi Aprili 1872 ikavuma tufani iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ikavunja vyombo bandarini, na majengo ya Bagamoyo yakalala chini. Kazi ya miaka minne ilianguka kwa siku moja, na Horner akaanza tena kujenga.

Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Waingereza walimshurutisha Sultani Barghash kuutia sahihi. Halikufungwa na Horner, wala yeye hakuweza kujisifia hilo. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja mpaka mwaka 1897.

Yeye alikuwa akitazama bara. Alikwisha safiri mpaka Ukami mwaka 1870, na mwaka 1877 misioni ya Mhonda ikafunguliwa katika milima ya Nguru, ikapelekewa Wakristu wa Bagamoyo, yaani watu walionunuliwa sokoni wakiwa watoto, warudi bara wakiwa wameshika jembe na rozari. Miaka hiyo afya ya Horner ilikuwa imevunjika. Alirudishwa Ufaransa, akafariki katika mji wa Cannes mwezi Mei 1880, umri wake miaka 52. Bagamoyo pana makaburi ya wamisionari wengi, baadhi yao vijana sana, waliouawa na homa. Yeye aliyewapeleka huko hakulazwa pamoja nao.