RUDOLF DIESEL: MTU WA BARAFU ALIYEUNDA INJINI YA MOTO

Lori likikwama mlimani likitoa mvuke puani, utingo akiruka chini na mtungi wa maji, wengi wetu hucheka tu. Lakini "dizeli" ni jina la mtu, na mtu huyo naye mambo ya maji yalimsumbua.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, baba akiwa fundi wa vitu vya ngozi. Vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka, familia ilikimbilia London, naye kijana wa miaka 12 akapelekwa kwa jamaa zao mjini Augsburg, Ujerumani. Masomoni alikuwa moto wa kuotea mbali! Huko Munich alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za baridi, na alipohitimu mwaka wa 1880 akaenda kufanya kazi Paris katika kiwanda cha barafu cha mwalimu wake huyo.

Sasa ajabu ni hii. Huyu mtu wa barafu ndiye aliyedhani injini yake haitahitaji kupozwa. Kwa hesabu zake, joto lingesukuma pistoni, kwa hivyo kuizungushia silinda maji ni kutupa moto bure. Injini ya kwanza ikajengwa Augsburg bila maji. Walipoijaribu Agosti 1893, mafuta yaliwaka kwa kishindo, kipimo cha shinikizo kikapasuka, vipande vikaruka huku na huku. Nusura auawe! Basi akarudi kwenye karatasi, na silinda ikazungushiwa maji. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikajiendesha yenyewe, dakika moja tu. Mwaka wa 1897 ikapimwa rasmi: asilimia 26.2 ya joto la mafuta iligeuka kazi. Mashine nyingi za mvuke za siku hizo hazikupita 10.

Hebu tupige hesabu kidogo, hata nyinyi mnaohepa fizikia. Ile 74 iliyobaki ilienda wapi? Nyingine ilitoka na moshi, nyingine ikabebwa na maji. Ndiyo sababu basi la shule, lori, hata yale magari-nyumba ambayo watalii hulala ndani, yana rejeta, feni, pampu ya maji na mipira yake. Mpira ukipasuka, au rejeta ikizibwa na matope, joto hukosa pa kwenda, na kichwa cha injini hupinda. (Na kifuniko cha rejeta usikiguse injini ikiwa moto, utababuka uso.)

Diesel alitajirika, kisha pesa zikamponyoka kwa kesi na biashara mbovu, afya nayo ikazorota. Tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Alikula chajio, akaingia chumbani. Asubuhi hayupo, na kitanda hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakatoa vilivyokuwa mifukoni, wakauacha mwili majini. Vitu hivyo mwanawe, Eugen, alivitambua kuwa vya babake. Kama alijitosa au alitoswa, watu wangali wanabishana.