Josh Gibson: hesabu zake zilifika miaka 77 kiisha kifo chake

Alifariki mwaka 1947 akiwa na miaka 35. Hakucheza hata siku moja katika shampiona kubwa ya besiboli ya Marekani, sababu alikuwa mtu mweusi. Lakini mwaka 2024, ile shampiona yenyewe iliandika jina lake juu ya wapigaji wake wote. Ilikuwa namna gani? Jibu liko katika maisha ya Josh Gibson, na pia katika ginsi watu wanavyohesabu kazi ya mpigaji.

Mtoto wa Georgia katika mji wa viwanda

Josh Gibson alizaliwa tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka 1911 kule Buena Vista, mji mdogo wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Wakati ule watu weusi wengi walikuwa wanatoka kusini kwenda kutafuta kazi kaskazini. Baba yake alifanya vile vile. Alitangulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, akapata kazi, kisha akaita familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Kijana Josh aliacha masomo mapema. Alijifunza kidogo kazi ya umeme, akaingia kufanya kazi kiwandani. Jioni na siku ya Mungu alikuwa uwanjani. Alikuwa na kifua kipana na mikono ya nguvu, na mpira ukipigwa naye, watu walisimama kuangalia utaanguka wapi.

Mwaka 1930, akiwa na miaka 18, aliingia katika Homestead Grays, moja ya ekipi kubwa za watu weusi. Inasimuliwa kwamba mdakaji wa Grays aliumia mkono katikati ya mechi, na Gibson aliitwa kutoka kwa watazamaji. Mwaka ule ule alipata pigo la moyo. Bibi yake, Helen, alifariki wakati wa kujifungua mapacha, mvulana na msichana. Wazazi wa bibi yake ndio walikamata watoto, naye akarudi njiani na ekipi.

Besiboli kwa wale hawaijui

Kwa wale wanaojua futiboli tu, mchezo huu si mgumu kufahamu. Mrushaji wa ekipi moja anarusha mpira. Mpigaji wa ekipi ingine anasimama na gongo la mti, anatafuta kuupiga. Akiupiga vizuri anakimbia kwenye kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, mpaka arudi fasi alipoanzia. Akimaliza kuzunguka, ekipi yake inapata pointi moja. Mpira ukivuka ukuta wa uwanja, anazunguka vituo vyote bila mtu kumzuia: hiyo inaitwa homurani.

Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, anayepokea mipira ya mrushaji wake. Ni kazi inayovunja magoti na vidole. Gibson alikuwa mdakaji. Ni kusema, alichoka kuliko wengine, na bado alipashwa kushika gongo na kupiga kuliko wengine.

Ile shampiona kubwa ilikuwa ya wazungu peke yao. Hakukuwa sheria iliyoandikwa, lakini tangu mwisho wa karne ya 19 wenye ekipi walikuwa wamepatana kati yao kutokuchukua mtu mweusi. Weusi wakatengeneza shampiona zao. Kila mwaka walicheza mechi za shampiona kama 60 ao 80, wakati wazungu walicheza 154. Siku zingine zote walizunguka na basi, mji kwa mji, kucheza na ekipi yoyote iliyokubali, ili wapate feza ya kula. Mechi nyingi za namna ile hakuna mtu aliyeziandika.

Sifa bila karatasi

Kati ya 1932 na 1936, Gibson alichezea Pittsburgh Crawfords, ekipi ya tajiri Gus Greenlee. Ndani mlikuwa pia mrushaji Satchel Paige na mkimbiaji Cool Papa Bell. Mwaka 1937 walivuka bahari kwenda Jamhuri ya Dominika, kuchezea ekipi iliyobeba jina la dikteta Rafael Trujillo. Walishinda shampiona, wakarudi na feza yao. Gibson akarudi Grays. Mwaka 1940 na 1941 alicheza Mexico, fasi ambako mtu mweusi aliingia hoteli na resto bila kufukuzwa.

Sifa zake zikawa nyingi kuliko ushahidi. Wengine walisema alipiga mpira ukatoka nje kabisa ya Yankee Stadium, uwanja mkubwa wa New York. Jambo hilo halikuhakikishwa kamwe. Wengine walisema alipiga karibu homurani 800 katika maisha yake. Hesabu hiyo inachanganya kila kitu: mechi za shampiona, za vijijini, na zile za kucheza na wafanyakazi wa kiwanda fulani. Waliompenda waliitaja kwa furaha. Wasiomtaka walipata nafasi ya kusema kwamba ni hadisi tu.

Na hapa ndipo shida yake ilipo. Mtu akinyimwa uwanja unaoandikwa, anabaki na sifa ya mdomo. Sifa ya mdomo inamlinda siku mbili, kisha inamgeuka.

Tatu juu ya kumi: hesabu inayodanganya

Kwa miaka mingi, mpigaji alipimwa kwa hesabu moja: wastani wa mapigo. Unachukua mapigo mazuri, unagawanya kwa mara alizojaribu. Mtu aliyefaulu mara 3 katika 10 ana 0,300, na huyo ni mchezaji mzuri sana. Katika besiboli, hata mkubwa wa wote anashindwa mara nyingi kuliko kufaulu.

Lakini wastani ule unaficha mambo mawili. Tuchukue wapigaji wawili. Wa kwanza amejaribu mara 10, amepiga vizuri mara 3, na kila mara amefika kituo cha kwanza tu. Wa pili naye amejaribu mara 10 na kufaulu mara 3, lakini zote tatu ni homurani. Wastani wao ni ule ule, 0,300. Je, kuna kocha anayeweza kusema wana faida sawa?

Ndiyo maana kuna hesabu ya pili, ya nguvu ya pigo. Kituo kimoja kinahesabiwa 1, viwili 2, vitatu 3, homurani 4. Wa kwanza amepata vituo 3 kwa mara 10: nguvu yake ni 0,300. Wa pili amepata 12 kwa mara 10: yake ni 1,200. Sasa tofauti inaonekana.

Jambo la pili lililofichwa ni uvumilivu. Mrushaji akirusha mipira minne mibaya na mpigaji akaiacha, anapewa kituo cha kwanza bure. Wastani wa zamani hauhesabu hiyo hata kidogo. Tuseme wa pili alipewa kituo bure mara 4 zaidi. Amesimama mara 14, amefika kituoni mara 7: kiwango chake cha kufika ni 0,500. Wa kwanza, asiyepewa kitu bure, anabaki na 0,300.

Ukijumlisha kiwango cha kufika na nguvu ya pigo, unapata hesabu moja inayotumiwa sana leo. Wa kwanza ana 0,600. Wa pili ana 1,700. Walikuwa sawa mwanzoni, na sasa wako mbali kabisa. Kisha wataalamu wanasahihisha tena kufuatana na uwanja na wakati. Mfano ni Griffith Stadium ya Washington, ambako Grays walicheza mechi nyingi za nyumbani katika miaka ya 1940. Ukuta wa kushoto ulikuwa zaidi ya mita 120, na mpigaji wa mkono wa kuume kama Gibson kwa kawaida anapeleka mpira upande ule. Homurani moja pale ilikuwa na jasho kuliko homurani ya uwanja mdogo.

Mwaka wa ugonjwa, mwaka wa ajabu

Uwanja ule wa Washington ulikuwa wa Clark Griffith, mwenye ekipi ya wazungu iliyoitwa Senators. Inasimuliwa kwamba aliita Gibson na mwenzake Buck Leonard, akazungumza nao juu ya kuwaingiza. Hakuwachukua. Aliendelea kupangisha uwanja wake kwa ekipi yao.

Mwanzoni mwa 1943 Gibson alianguka, akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Waganga waliona uvimbe ndani ya ubongo. Walitaka kumpasua, yeye akakataa. Tangu pale kichwa kilimuuma mara kwa mara, na pombe ilizidi.

Ni mwaka ule ule alipiga kwa wastani wa 0,466 katika shampiona, karibu mara moja kwa kila mara mbili. Grays wakashinda taji la watu weusi 1943, na tena 1944.

Mwaka 1945 habari ilitoka kwamba ekipi ya Brooklyn Dodgers imechukua mchezaji mweusi. Alikuwa Jackie Robinson, mdogo wa Gibson kwa miaka saba na zaidi. Gibson alikuwa na magoti yaliyochoka na kichwa kinachouma. Tarehe 20 mwezi wa kwanza mwaka 1947 alifariki Pittsburgh. Tarehe 15 mwezi wa nne, Robinson aliingia uwanjani Brooklyn, na ule mlango ukafunguka. Gibson alikosa miezi mitatu tu, ingawa kwa afya aliyokuwa nayo, mlango ulikuwa umechelewa zamani. Alizikwa katika kaburi lisilokuwa na jina, na lilibaki vile zaidi ya miaka 25.

Watu wa magazeti ya zamani

Mwaka 1966 Ted Williams, mpigaji mkubwa wa Boston, alipokea heshima ya kuingia katika nyumba ya mashujaa wa besiboli. Wakati wa hotuba yake aliomba Satchel Paige na Josh Gibson waingizwe pia. Paige aliingia 1971, Gibson 1972. Lakini hesabu zao zilibaki nje ya vitabu.

Kazi ya kuzitafuta ilifanywa na watu wenye subira, kama Larry Lester. Walifungua magazeti ya watu weusi, Pittsburgh Courier, Chicago Defender na mengine, ukurasa kwa ukurasa, kutafuta vile vijedwali vinavyoonyesha kila mchezaji alijaribu mara ngapi na akapiga ngapi. Walitupa mechi za vijijini na kubakiza za shampiona tu. Mwaka 2020 wakubwa wa besiboli walitangaza kwamba shampiona saba za watu weusi, za kati ya 1920 na 1948, zilikuwa shampiona kubwa sawa na zingine. Mwaka 2024, kamati iliyoongozwa na mwanahistoria John Thorn ilimaliza kuunganisha hesabu.

Ile 800 haikubaki. Homurani zilizohakikishwa katika mechi za shampiona hazifiki hata 200. Mtu angefikiri Gibson amepunguzwa. Lakini angalia kiwango: wastani 0,372, mbele ya Ty Cobb mwenye 0,367. Nguvu ya pigo 0,718, mbele ya Babe Ruth mwenye 0,690. Kujumlisha na kufika kituoni, 1,177, wakati Ruth ana 1,164. Na ile 0,466 ya mwaka wa ugonjwa ikawa wastani wa juu kuliko wote kwa mwaka mmoja. Kwa kufika kituoni peke yake, anayeongoza bado ni Ted Williams, yule aliyemwombea.

Wako wanaokataa. Wanasema mechi za Gibson zilizopatikana ni kama 600, na Cobb alicheza zaidi ya 3 000. Ni kweli kwamba mechi chache zinaweza kupandisha mtu ao kumshusha haraka. Lakini si Gibson aliyechagua kucheza chache. Alicheza karibu kila siku kwa miaka 17. Ni walioandika ndio waliokuwa wachache. Tena, si vibaya kukumbuka kwamba Cobb na Ruth nao hawakupashwa kamwe kusimama mbele ya Satchel Paige katika mechi ya shampiona.

Kazi haijaisha. Karibu robo ya karatasi za shampiona zile bado hazijapatikana. Gazeti moja la zamani likifunguliwa kesho, tarakimu za Gibson zinaweza kupanda ao kushuka kidogo. Ni kitu alichonyimwa wakati wa uhai wake: kuhesabiwa pamoja na wengine, kwa kipimo kimoja.