Francis Poulenc huko Rocamadour

Francis Poulenc alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1899. Baba yake alishika dini sana; lakini alipokufa, kijana akalegea katika sala. Akawa mtunzi wa muziki, akapendwa na watu kwa nyimbo zake za furaha.

Mwaka 1936 rafiki yake, mtunzi kama yeye, alikufa katika ajali ya motokari. Poulenc akafadhaika mno. Akaenda kuhiji Rocamadour, penye kanisa dogo ubavuni mwa jabali. Ndani yake mna sanamu ya Bikira Maria, ya mti, nyeusi. Akakaa kimya mbele yake.

Hakungoja kesho: jioni ile ile akaanza kutunga litania ya Bikira Maria, iimbwe na wanawake au watoto pamoja na kinanda. Baada ya hapo alitunga nyimbo nyingi za Kanisa, hata alipokufa mwaka 1963.