John Allen (mjenzi wa reli za mfano)

John Whitby Allen (2 Julai 1913 – 6 Januari 1973) alikuwa mpiga picha kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa reli ndogo ya mfano iliyoitwa Gorre & Daphetid, ambayo aliijenga na kuiendesha katika chumba cha chini cha nyumba yake mjini Monterey, jimbo la California. Anahesabiwa kati ya watu waliobadilisha kabisa sanaa ya kujenga reli za mfano katika karne ya 20. Sehemu kubwa ya reli hiyo iliteketea kwa moto siku kumi baada ya kifo chake.

Maisha

Allen alizaliwa Joplin, katika jimbo la Missouri. Alipokuwa mtoto aliugua homa ya baridi yabisi, ambayo iliuacha moyo wake ukiwa dhaifu kwa maisha yake yote. Baadaye alihamia California, akawa mpiga picha wa kulipwa mjini Los Angeles.

Fedha alizopata aliziwekeza kwa uangalifu. Mwaka 1946, akiwa na umri wa miaka 33 tu, aliacha biashara na kuhamia Monterey, mji ulio kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki. Mapato ya uwekezaji wake hayakuwa makubwa, lakini yalimtosha mtu asiye na familia ya kulisha. Tangu hapo muda wake mwingi aliutumia kwa reli yake.

Reli ya Gorre & Daphetid

Jina la reli hiyo ni mchezo wa maneno. Linaonekana kama majina ya miji miwili, lakini likitamkwa kwa Kiingereza linasikika kama maneno yenye maana ya kujaa damu na kushindwa. Mizaha ya namna hiyo ilikuwa mingi: mlima mmoja aliuita Akinbak, jina ambalo likitamkwa linamaanisha mgongo unaouma, jambo analolielewa kila mtu aliyewahi kuinama siku nzima chini ya meza ya reli akiunganisha nyaya za umeme.

Allen alitumia kipimo kiitwacho HO, ambacho kila kitu ndani yake ni kidogo mara 87 kuliko kitu halisi. Reli halisi yenye upana wa milimita 1,435, yaani upana uleule wa reli za SGR za Kenya na Tanzania, inakuwa na upana wa milimita 16.5. Mtu mzima anakuwa na kimo cha sentimita 2 hivi. Kilomita moja inakuwa mita 11 na nusu, na ndiyo sababu mjenzi anayetaka safari ndefu huhitaji chumba kikubwa.

Reli ilijengwa kwa awamu tatu. Ya kwanza ilikuwa meza ndogo ya takriban mita moja kwa mita mbili. Ya pili ilikuwa upanuzi wa ile ya kwanza. Katika miaka ya 1950 Allen alipata nyumba nyingine Monterey, akaanza awamu ya tatu katika chumba chake cha chini. Meza ile ya mwanzo hakuitupa, bali aliiingiza ndani ya reli mpya. Awamu hiyo ya tatu aliifanyia kazi kwa karibu miaka 20, hadi alipofariki.

Mandhari

Kabla ya Allen, reli nyingi za mfano zilikuwa meza bapa zenye nyumba chache na vilima vifupi. Yeye alijenga milima ya plasta iliyofika karibu na dari, na mabonde yaliyoshuka hadi sakafuni. Njia ilipita juu ya madaraja marefu, ikaingia mahandakini na kutokea upande mwingine. Mgeni aliposimama kati ya milima hiyo alilazimika kuinua macho kutazama treni, kama afanyavyo mtu aliyesimama chini ya daraja halisi.

Ili chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo, alitumia vioo na kuficha kingo zake nyuma ya majengo na miti. Mahali pengine aliweka vitu vidogo zaidi upande wa nyuma, ili jicho lidhani viko mbali.

Alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kufanya vifaa vyao vionekane vimezeeka. Wakati huo watu wengi walipenda vichwa vya treni na mabehewa yanayong'aa kama yametoka dukani. Allen alivipaka rangi ya kutu, masizi na vumbi, akachakaza mbao za majengo na kupindisha paa kidogo, kwa kuwa kitu kinachofanya kazi juani na mvuani hakibaki kipya. Leo desturi hiyo ni ya kawaida kwa wajenzi duniani kote.

Si wote waliopendezwa. Wengine waliona milima yake ni mirefu kupita kiasi na kwamba reli yake ilikuwa ndoto kuliko mfano wa kitu halisi. Allen mwenyewe hakuficha upande wa mzaha: kati ya vichwa vya treni vya kupangia mabehewa alikuwa na dinosauri wa aina ya stegosauri aliyeitwa Emma, mwenye namba 13, aliyevuta mabehewa kama punda wa mkokoteni.

Uendeshaji

Kwa Allen reli haikuwa pambo la kutazamwa tu. Ilikuwa kampuni ya usafirishaji yenye kazi za kufanywa. Marafiki zake walikutana nyumbani kwake mara kwa mara kuiendesha, kila mmoja akiwa na wajibu wake. Kati ya wajenzi mashuhuri waliokuwa karibu naye ni Jim Findley na Whit Towers.

Kila behewa lilikuwa na mahali pa kwenda. Kibandiko kidogo kilichowekwa juu yake kilionyesha lifikishwe wapi, na dereva alipaswa kulipeleka kwenye kiwanda, bandari au stesheni husika, kisha kuchukua mengine. Miinuko ilikuwa mikali, hivyo treni ndefu ilihitaji kichwa cha pili cha kuisaidia kupanda.

Saa ya kawaida haikufaa, kwa sababu safari kati ya stesheni mbili ilichukua dakika chache tu. Kwa hiyo ilitumika saa iliyokwenda kasi. Kwa mfano, saa ikienda mara sita, dakika kumi za kawaida huhesabiwa kuwa saa nzima ya ratiba. Dereva aliyechelewa kuondoka njia kuu aliweza kuzuia treni ya abiria iliyokuwa inakuja nyuma yake.

Allen alibuni pia mchezo wa kupanga mabehewa uitwao Timesaver, uliochapishwa mwaka 1972 katika jarida la Model Railroader. Mchezaji hupewa kichwa kimoja cha treni, mabehewa machache na njia fupi za pembeni, naye hutakiwa kulifikisha kila behewa mahali pake kwa muda mfupi iwezekanavyo. Njia ni fupi mno kiasi kwamba kosa moja humlazimu kurudia karibu kazi yote.

Kifo na moto

Allen alifariki Monterey tarehe 6 Januari 1973 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Kazi ya reli ilikuwa bado inaendelea. Siku kumi baadaye nyumba yake ilishika moto, na sehemu kubwa ya reli ikaharibiwa. Vitu vichache tu viliokolewa.

Urithi

Reli ya Gorre & Daphetid inajulikana leo kwa sababu mwenyewe alikuwa mpiga picha. Kwa miaka mingi picha zake zilichapishwa majarida na katika matangazo ya kampuni ya Varney iliyotengeneza treni za mfano. Wengi walioathiriwa na kazi yake hawakuwahi kufika Monterey, waliiona katika kurasa hizo tu.

Linn Westcott, aliyekuwa mhariri wa Model Railroader, aliandika kitabu kuhusu Allen na reli yake, ambacho kilitolewa mwaka 1981. Mchezo wa Timesaver bado unajengwa na kuchezwa, mara nyingi juu ya ubao mmoja mwembamba, na watu wasio na chumba cha chini wala nafasi ya milima.