Khalil Sakakini: Mwalimu Mkristo aliyeidai haki ya Palestina

Na Mwandishi Wetu

MGOGORO wa Palestina unapotajwa, wapo wengi wanaouchukulia kuwa ni ugomvi kati ya Waislamu na Wayahudi, ambao Wakristo wanautazama kwa mbali tu. Historia ya Yerusalemu inaonyesha vinginevyo. Miongoni mwa watu waliotangulia kuidai haki ya Wapalestina kwa kalamu, darasani na majukwaani alikuwamo Mkristo aliyelelewa katika Kanisa la Orthodox, mwalimu Khalil Sakakini. Alifariki dunia mwaka 1953 akiwa mkimbizi mjini Cairo, lakini jina lake bado linaheshimiwa miongoni mwa Wapalestina wa dini zote.

Sakakini alizaliwa Yerusalemu Januari 23, 1878, wakati Palestina ikiwa sehemu ya dola ya Kituruki ya Ottoman. Alisoma katika shule ya kanisa lake na baadaye katika shule za Waanglikana mjini humo. Mwaka 1907 alikwenda Marekani kutafuta maisha. Huko alifundisha Kiarabu na kufanya kazi za tafsiri, na hali ilipombana akawa kibarua kiwandani. Hakukaa sana. Mwaka 1908 alirejea nyumbani, na mwaka huo huo katiba ya dola ilirejeshwa, raia wa dini zote wakaahidiwa usawa.

Mwaka 1909 yeye na wenzake walifungua shule iliyoitwa Dusturiyya, jina linalotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya katiba. Watoto wa Kiislamu na wa Kikristo walikaa darasa moja. Kiarabu kilipewa nafasi ya kwanza badala ya Kituruki. Hakukuwa na viboko, hakukuwa na alama za mitihani, wala zawadi za kumtenga mwanafunzi mmoja na wenzake. Sakakini aliamini kuwa mtoto anayefundishwa kwa kudhalilishwa hawezi kukua akawa raia huru, na kwamba taifa linaanzia katika namna mwalimu anavyomheshimu mwanafunzi wake.

Vita yake ya kwanza kubwa haikuwa dhidi ya mgeni yeyote, bali ilikuwa ndani ya kanisa lake mwenyewe. Waumini wengi wa Kanisa la Orthodox nchini humo walikuwa Waarabu, lakini kwa karne nyingi uongozi wa juu wa Patriaki ya Yerusalemu ulikuwa mikononi mwa makasisi wa Kigiriki. Sakakini alikuwa miongoni mwa walioongoza madai kwamba waumini washirikishwe katika uendeshaji wa kanisa, shule zake na mali zake. Mwaka 1913 alichapisha kijitabu kuhusu mwamko wa Waorthodox wa Palestina, na uongozi wa kanisa ukamtenga. Ni kutokana na mapambano hayo kwamba alipokabiliana baadaye na watawala wa kigeni, hakuwa mgeni wa hoja ya watu kunyimwa sauti katika jambo lililo lao.

Mtihani mzito zaidi ulimfika mwishoni mwa mwaka 1917. Novemba 2 mwaka huo, Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa Tamko la Balfour, lililounga mkono kuanzishwa kwa makao ya taifa la Wayahudi Palestina. Wakati huo jeshi la Uingereza lilikuwa likikaribia Yerusalemu, na Marekani ilikwisha kuingia vitani dhidi ya Ujerumani, mshirika wa Waturuki. Watawala wa Kituruki waliwaamuru raia wa Marekani waliokuwa mjini wajisalimishe, na wakatangaza kuwa atakayemficha yeyote kati yao atahesabiwa kuwa jasusi.

Usiku mmoja, Alter Levine, wakala wa bima aliyekuwa Myahudi na raia wa Marekani, alibisha hodi kwa Sakakini akiomba hifadhi. Alikuwa amekwisha kukataliwa kwingine. Sakakini alijua kuwa adhabu yake ingeweza kuwa kifo, na nyumbani mlikuwamo mkewe Sultana na mtoto wao mdogo. Alimfungulia mlango. Katika shajara yake alieleza kuwa hakumpokea jasusi, bali binadamu aliyeomba kuokolewa, na kwamba kumfukuza kungekuwa ni kuuvunja ukarimu ambao watu wake wamerithi kwa vizazi.

Wote wawili walikamatwa siku chache kabla Yerusalemu haijaangukia mikononi mwa Waingereza Desemba 9. Walipelekwa wakiwa wafungwa hadi Damascus, ambako Sakakini alishikiliwa hadi mwanzoni mwa mwaka 1918. Alipoachiwa, alijiunga na Waarabu waliokuwa wakiasi dhidi ya dola ya Ottoman chini ya Amir Faisal, akitarajia kuwa ushindi ungeleta uhuru.

Uhuru huo haukuja. Palestina iliwekwa chini ya Uingereza, na Sakakini, aliyekuwa amepewa uongozi wa chuo cha ualimu mjini Yerusalemu, alijiuzulu mwaka 1920. Sababu yake ilikuwa uteuzi wa Herbert Samuel, mwanasiasa Myahudi wa Uingereza aliyeunga mkono Uzayuni, kuwa Kamishna Mkuu wa kwanza. Kwa Sakakini, uteuzi huo ulimaanisha kwamba Tamko la Balfour lingetekelezwa bila kujali matakwa ya wenyeji. Sensa ya mwaka 1922 ilihesabu wakazi takriban 757,000, na karibu tisa kati ya kila kumi hawakuwa Wayahudi. Wakristo peke yao walizidi 70,000.

Wakati huo Waislamu na Wakristo walikwisha kuunda vyama vya pamoja, vilivyoanza mwaka 1918, kupinga tamko hilo. Sakakini alikuwa mtu wa mkondo huo. Alihutubia mikutano na kuandika magazetini, akisisitiza kuwa madai ya Wapalestina ni ya wananchi wote. Hata hivyo, hakujidanganya kuwa mshikamano huo haukuwa na nyufa. Mwaka 1932 alimwandikia mwanawe Sari barua yenye uchungu, akilalamika kuwa katika jamii yenye Waislamu wengi, Mkristo hahesabiwi sawasawa hata akijitolea namna gani. Aliyaandika hayo, kisha akaendelea na kazi.

Mwaka 1926 alirejea serikalini kama mkaguzi wa elimu. Kitabu chake cha kujifunzia kusoma Kiarabu kiliingia katika shule nyingi, na vizazi kadhaa vya watoto vilianza kusoma kwa maneno mawili ya ukurasa wake wa kwanza, yenye maana ya kichwa na vichwa. Neno hilo la kichwa, ras, ndilo asili ya neno la Kiswahili rasi. Mwaka 1938 alianzisha chuo cha Nahda mjini Yerusalemu.

Maisha yake hayakukosa doa. Waarabu walipoasi dhidi ya Waingereza mwaka 1936, shajara zake zinamwonyesha akiwasifu walioshambulia Wayahudi, wakiwamo raia wa kawaida. Mtu yule yule aliyehatarisha roho yake kwa ajili ya Myahudi mmoja mwaka 1917, miaka 19 baadaye aliita ushujaa mauaji ya watu waliokuwa wakitoka kutazama sinema. Anayemsoma leo hana budi kuyasoma yote mawili. Kipimo kinachomhukumu Sakakini wa mwaka 1936 ni kile kile alichokiweka mwenyewe alipomfungulia mlango Levine.

Mkewe alifariki mwaka 1939. Sakakini alibaki na Sari na mabinti zake wawili, Dumya na Hala, katika nyumba waliyoijenga Katamon, kitongoji cha Yerusalemu kilichokaliwa na Waarabu wengi wa Kikristo. Mapema Januari 1948, wapiganaji wa Kiyahudi wa Haganah waliilipua hoteli ya Semiramis katika kitongoji hicho na kuua raia. Majirani wakaanza kuondoka, familia moja baada ya nyingine. Sakakini alikuwa miongoni mwa wa mwisho. Aliondoka Aprili 30, 1948, mapigano yakiwa yamefika mitaa ya karibu, akavuka hadi Misri. Alikuwa mmoja tu kati ya Wapalestina zaidi ya 700,000 waliopoteza makazi yao katika vita hiyo.

Kilichomuuma zaidi ni vitabu alivyoviacha nyumbani. Alikuwa amevikusanya kwa muda wa maisha yake yote, na akiwa Cairo aliviandikia maneno ya kuaga kama mtu anayewaaga jamaa zake. Misri ilimheshimu kwa kumwingiza katika Baraza la Lugha ya Kiarabu. Lakini mwaka 1953 Sari alifariki ghafla, na miezi mitatu baadaye, Agosti 13, baba yake naye akafariki akiwa na umri wa miaka 75.

Baada ya vita ya mwaka 1967, mabinti zake walipata nafasi ya kwenda tena Katamon. Walikuta nyumba yao inatumiwa na watu wengine. Walikwenda pia katika Maktaba ya Taifa ya Israel, na huko waliviona vitabu vya baba yao, vikiwa na maandishi ya mkono wake pembeni mwa kurasa. Watafiti wamebaini kuwa takriban vitabu 30,000 vilichukuliwa kutoka nyumba za Wapalestina za Yerusalemu Magharibi mwaka 1948 na baada yake. Maelfu kati ya hivyo vimehifadhiwa katika maktaba hiyo chini ya alama yenye maana ya mali iliyotelekezwa.

Jina la Sakakini linabebwa na kituo cha utamaduni kilichoanzishwa Ramallah mwaka 1996, ambacho wanajeshi wa Israel walikivamia na kukiharibu Aprili 2002. Shajara zake zilichapishwa katika juzuu nane kuanzia mwaka 2003. Desemba 2009, viongozi wa Kikristo wa Palestina walitoa waraka wa Kairos, wakiyataka makanisa duniani yasimame upande wa haki katika nchi yao. Wito huo ulionekana mpya kwa wengi waliokuwa mbali. Kwa Yerusalemu haukuwa mpya, kwani mwalimu mmoja alikuwa ameanza kuutoa tangu siku ambazo Waingereza walikuwa bado hawajauteka mji huo.