Kenyatta alivyofungwa miaka saba kwa neno la shahidi mmoja

Pale Pongwe, kwenye vijiwe vya kando ya barabara ya Tanga–Segera, ukisema mtu kabambikiwa kesi hakuna anayeuliza maana yake. Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro, yalimkuta hata Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya.

Kenyatta alizaliwa Gatundu miaka ya 1890, akasoma London, akarudi nyumbani mwaka 1946. Mwaka uliofuata akawa rais wa chama cha KAU, akidai ardhi ya Waafrika. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Waingereza walimkamata, wakamshtaki kwa kuongoza Mau Mau.

Kesi ilipelekwa Kapenguria, mbali kabisa na Nairobi. Hakimu Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu, na serikali ilimlipa kwa siri pauni 20,000. Miongoni mwa mawakili wa utetezi alikuwemo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi Moshi.

Shahidi Rawson Macharia alidai alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mashahidi kumi wakakanusha. Thacker akawakataa wote kumi, akamwamini huyo mmoja. Aprili 8, 1953, Kenyatta akapigwa miaka saba na kazi ngumu, akapelekwa Lokitaung, jangwani.

Mwaka 1958 Macharia akaapa kwamba alidanganya, kwa kuwa aliahidiwa masomo Uingereza na kazi serikalini. Masomo alipewa kweli. Serikali ikamfunga kwa kiapo hicho kipya, si kwa ule ushahidi wa Kapenguria.

Nini kingezuia haya? Shahidi akiahidiwa chochote, mahakama na utetezi waambiwe mapema. Neno la mtu mmoja litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Na hakimu asilipwe pembeni na upande unaoshtaki.

Kenyatta aliachiwa Agosti 1961, akaiongoza Kenya kupata uhuru mwaka 1963, akafia Mombasa Agosti 22, 1978. Lakini mwaka 1969 serikali yake ilimweka kizuizini bila kesi Achieng Oneko, mmoja wa watano walioshtakiwa pamoja naye Kapenguria.

Kwa hiyo kuonja dhuluma peke yake hakumfanyi mtu awe mlinzi wa haki. Kinachomlinda mwananchi ni sheria inayombana kila anayeshika madaraka, hata yule aliyewahi kuonewa.