Kiharusi kilivyoandama miaka kumi ya mwisho ya Mzee Kenyatta

KIJANA Kamau wa Ngengi alipokuwa akifanya kazi mjini Thika katika miaka ya 1910, jukumu lake mojawapo lilikuwa kwenda Nairobi kuchukua benki fedha za mishahara na kuzifikisha salama kwa mwajiri wake, Mwingereza John Cook. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi, na si kazi anayokabidhiwa mtu asiye makini. Maradhi ndiyo yaliyomwachisha kibarua hicho, akaenda kujiuguza katika misheni ya Tumutumu, Nyeri.

Zaidi ya nusu karne baadaye, barabara hiyo ya Thika ilikuwa bado inampitisha. Sasa alikuwa Jomo Kenyatta, Rais wa Jamhuri ya Kenya, ndani ya msafara wa magari, na mwili wake ulikuwa umekwisha kupigwa na kiharusi mara mbili.

Hayati Mzee Kenyatta hakupenda kulala katika Ikulu ya Nairobi. Shughuli za mchana zilipomalizika, alirejea kwake Ichaweri, Gatundu. Njia inayochepuka kutoka barabara kuu baada ya kupita Ruiru ingali inaitwa Kenyatta Road hadi leo.

Kiharusi cha kwanza, kilichokuwa chepesi, kilimpata mwaka wa 1966. Cha pili kilimjia Mei 1968 akiwa Mombasa, nacho hakikuwa cha mzaha. Umri wake wakati huo hautajiki kwa yakini kwani tarehe aliyozaliwa haikuandikwa popote. Wengi humkadiria kuwa alikuwa na miaka 70 na ushei. Wananchi hawakuelezwa bayana kilichomsibu.

Waliowahi kumuuguza mzee mwenye maradhi haya wanajua kwamba mgonjwa akirejewa na ulimi na kuanza kutembea, jamaa hudhani amepona. Kumbe yapo mambo mawili yasiyoonekana kwa macho. Kuna uchovu ambao hata usingizi hauuondoi, kwa kuwa ubongo uliojeruhiwa hutumia nguvu nyingi kutenda yale ambayo zamani ulitenda bila taabu. Kuna pia kupungua kwa umakini: makelele, watu wengi wanaozungumza kwa pamoja au waraka mrefu humchosha mgonjwa upesi, na jambo aliloliweza asubuhi likamshinda alasiri.

Mkulima akipatwa na hali hiyo, shamba lake hubaki limelimwa nusu. Rais akipatwa nayo, hutokea wa kumlimia.

Wandani wake hawakukawia kulitambua hilo. Katikati ya mwaka huo wa 1968, Bunge lilibadilisha Katiba kuhusu urithi wa kiti cha urais. Ikiwa Rais angefariki, Makamu wa Rais angeshikilia hatamu kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Pendekezo la awali lilitaka mgombea awe na umri usiopungua miaka 40. Tom Mboya alikuwa na miaka 37, na haikuhitaji mpiga ramli kujua nani alikuwa akilengwa. Mwishowe umri uliopitishwa ulikuwa miaka 35.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba Kenyatta alikuwa kama gogo. Oktoba 25, 1969, alipofungua hospitali kuu ya Nyanza mjini Kisumu, alimkabili Jaramogi Oginga Odinga hadharani kwa maneno makali. Vurugu zikazuka, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Mwaka wa 1975, kamati ya Bunge ilipochunguza mauaji ya J.M. Kariuki, aliagiza jina la waziri wake na shemejiye, Mbiyu Koinange, lifutwe kwenye ripoti. Jambo lililomgusa lilipata akili yake yote. Mengine yalisubiri, na aliyekuwa karibu na mlango ndiye aliyeamua yepi yangemfikia. Koinange hakuwa mbali na mlango huo.

Mwanahistoria Wunyabari Maloba anaona kwamba kufikia mwaka huo wa 1975 Mzee alikuwa ameacha kuongoza serikali kwa vitendo. Si haki kukitwika kiharusi mzigo wote, kwani uzee, jongo na maradhi ya moyo navyo vilikuwa vikimla. Lakini yote hayo yalifichwa kwa pamoja, na mwaka uliofuata usiri ukawekewa ulinzi wa sheria. Oktoba 1976, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alionya kwamba hata kuwazia kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1978 Mzee alitoa hekta 200 za ardhi huko Juja, kati ya Ruiru na Thika, ili kijengwe chuo cha kilimo na teknolojia. Chuo hicho, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha JKUAT, kilipokea wanafunzi wa kwanza Mei 1981. Hakukiona.

Alifariki usiku wa kuamkia Agosti 22, 1978, katika Ikulu ya Mombasa, mji uleule alikopigwa na kiharusi miaka kumi iliyotangulia. Daniel arap Moi aliapishwa siku hiyo hiyo kushikilia madaraka kwa siku 90, kama sheria ya 1968 ilivyoagiza, na Oktoba 14 akawa Rais wa pili. Hadi Katiba mpya ilipoanza kutumika mwaka wa 2010, sheria hiyo haikuhitajika tena.